Dawa ya Majani

Mama,

Nimempata. Ungekuwepo ningekuja mbio na koti langu la mvua, nisivue hata viatu, nikukalie kitandani nikwambie. Sasa nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia mboga, na hasira uliyoniacha nayo haijapungua hata chembe. Miezi minane nimekula nayo na kulala nayo.

Najua kila mtu ana siku yake na yako ilikuwa imefika. Sigombani na hilo. Ninachogombania ni zile wiki sita za mwisho, ulizozimaliza kwa kuuma mto ilhali ungeweza kuzipitisha umelala.

Hukupenda kulitaja jina la bangi. Kwako yalikuwa "majani" tu, miche mitatu uliyoificha katikati ya mahindi kwenye kile kishamba chetu cha kukodi nyuma ya reli, hapa Saltley, huku uzunguni. Nyumbani siri hiyo ilikuwa yangu na yako. Faraji, mwanao anayeishi Sutton Coldfield, hakuambiwa, maana angetuhubiria mpaka tuhame. Vidonge vya hospitali vya kutuliza maumivu vilikuwa vinakutapisha. Kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa na majani yale kilikulaza mpaka asubuhi, na mimi nikalala pia.

Ile Jumatatu ya Agosti niliikuta yote mitatu imeinamisha vichwa. Nikadhani kiu, nikaimwagilia. Jumanne ilikuwa imezidi. Shina limejipinda, majani yamejikunja kwa ndani, na kunde na mchicha wa pembeni vile vile. Nilikuja kukwambia huku nalia, na wewe ukaniuliza maswali kama daktari, huna hata nguvu za kujiinua. "Udongo una maji?" Una maji. "Chimba mzizi, uniletee." Nikaleta mzizi, mweupe, haujaoza. "Kata shina, utazame ndani." Nikakata, ndani safi, hakuna weusi wala funza. Basi si ugonjwa wa udongo, ukasema. Ukalichukua jani ukalinusa. Ukalinusa tena, halafu ukauliza, "Na mahindi je?"

Nikasema mahindi mazima, yamesimama kijani kibichi.

Ukageukia ukutani. "Basi, Tatu. Ukimjua aliyefanya, usinambie."

Usinambie. Mimi nikaona huo ni wema wako ule ule unaonichosha. Nilikuwa nishamjua, kwa akili yangu mimi. Nani mwingine kama si Mzee Harbans wa kishamba cha jirani, yule Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mliyegombana naye kila kiangazi juu ya mpira wa maji? Si ndiye aliyekusimamia pale bombani akakwambia, "Mama, hiyo majani yako italeta polisi hapa"? Nilipokutajia jina lake ulisema, "Mwache Harbans." Ulisema mara mbili. Sikumwacha.

Sasa nisikilize niliyoyafanya, kwa sababu hukuyaona.

Alikuja msibani, akavua viatu mlangoni, ameshika mfuko wa mboga ya uwatu aliyoing'oa mwenyewe. Akawaambia wanaume, "Huyu mama alikuwa fundi ya shamba." Nilimpita na sinia ya kahawa kana kwamba kiti kile hakina mtu. Siku ya nne nikaenda kishambani na kile kisu chako cha mpini wa mbao. Unayakumbuka mabumunye yake, yale marefu yaliyoning'inia kwenye kichanja, aliyokuwa anayasifu kwamba mbegu yake aliitoa mamake Kisumu. Nilifukua udongo kidogo kwenye kila shina, nikakata chini, nikafukia, nikapapasa kwa kiganja pasionekane kitu. Mashina saba. Bumunye moja lililokomaa nikaondoka nalo. Nilihisi raha, Mama. Sikufichi. Nilirudi nyumbani nikala wali sahani mbili, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Keshokutwa yake aliniita. Mabumunye yote yamelala chini kama matambara. "Tatu, wewe toto ya fundi," akasema, "angalia hii, nini naua?" Na mimi nikapiga magoti, nikashika majani, nikajifanya nafikiri kama ulivyokuwa ukifikiri wewe. Nikamwambia ni ugonjwa wa udongo, mzee, ukiingia hautoki, choma kila kitu na mbegu usizipande tena. Akazichoma zote, mpaka za akiba alizoziweka kwenye kopo la chai. Nilisimama nikatazama moshi. Lile bumunye la kwake nikalikausha juu ya kabati lako, nikawa nalitazama kila nikiamka.

Hivyo ndivyo nilivyokulilia.

Jumapili iliyopita nilipanda treni kwenda Sutton Coldfield kulichukua lile kopo lako la kijani la kumwagilia, maana msimu umefika na Faraji ndiye aliyekuwa nalo. Nikaingia gereji. Kopo liko rafuni, na pembeni yake chupa ile uliyokuwa ukiicheka kila tukienda kwake. Unakumbuka? Ulikuwa ukisema, "Mzungu wangu huyu anayanunulia dawa majani yake," kwa sababu aliyamwagia yale majani ya uwanjani kwake, maua ya manjano yakafa na majani yakabaki. Nyumba nzima tukaiita chupa ile dawa ya majani. Niliisoma kwa mara ya kwanza. Inaua kila chenye jani pana. Nyasi haziguswi. Na mahindi, Mama, ni jamii ya nyasi.

Nilinusa kopo, bado linanuka.

Nilimvaa Faraji palepale jikoni kwake, mkewe akawatoa watoto nje. Nilimwita muuaji. Nilimwambia mchicha aliolelewa nao hakuujua, ameumwagia sumu akidhani magugu. Alifungua saraka akatoa simu yake ya zamani, akaichomeka umeme, tukasubiri iwake, akanipa nisome. Ujumbe wa Jumamosi ile, kabla ya ile Jumatatu. Umetoka kwangu.

"Mama kasema ukaweke dawa ya majani shambani leo usisahau."

Nilikuwa kiwandani, mapumziko ya chai, naandika kwa dole gumba moja. Wewe ulisema, "Mwambie Faraji apite na dawa kwenye majani, hajui bangi wala bamia, atapita tu." Dawa yako, yale maji yanayonuka ya majani yanayowasha uliyoyaloweka kwenye pipa la kishambani kufukuza wadudu. Nami nikafupisha. Dawa kwenye majani, dawa ya majani, nikaona ni mamoja. Na yeye, anayekisoma Kiswahili kwa kukitafsiri neno kwa neno, akachukua dawa ya majani kutoka gereji yake, akaitia kwenye kopo lako, akamwagia kila kitu, hata mahindi. Alipomaliza aliniandikia, "ok done". Mimi sikufunua hata pipa. Ningelifunua ningelikuta limejaa.

Nilimuuliza kwa nini alininyamazia muda wote huu. Akasema wewe ulimpigia simu Jumanne ile ile, ukamuuliza ametia nini, ukamwapisha. Kwa Kiswahili chake kile kibovu akanambia, "Mama alisema nisisema wewe. Alisema Tatu hasamehe."

Nikaondoka bila ya kopo. Nilisimama stesheni treni mbili zikanipita.

Kwa hiyo ulijua. Ulilijua jani kwa harufu, ukamficha mwanao, ili nani asimdhuru? Mimi. Na ule ujumbe, alikusomea? Sikuthubutu kumuuliza. Labda ulipomwapisha hukuwa unamlinda Faraji peke yake.

Nilikuwa nimeapa kwamba nikimpata aliyekunyima usingizi sitampa mkono, sitakula naye, na nitamwombea mifupa yake iume kama yako. Niliyasema haya juu ya kaburi lako, kwa sauti. Maneno hayo siyarudishi. Yamempata mwenyewe na ayabebe.

Uliniambia nikimjua nisikwambie. Leo nakuvunjia amri: ni mimi, Mama.

Bumunye la Mzee Harbans limekauka, ukilitikisa mbegu zinalia ndani. Kesho asubuhi nampelekea. Sitasema nimeliokota wala nimelinunua madukani Alum Rock. Nitamwambia nilikata kwa kisu chako, shina kwa shina, na kuwa udongo wake haukuwa na ugonjwa wowote. Akinifukuza nitaenda. Akiniambia nichimbe, nitachimba.

Lala, Mama. Lala kwa zile wiki zote sita.

Mwanao asiyesamehe,
Tatu