Mchezo Usiokuwa na Maelezo

Mjukuu wangu Shamsa,

Assalamu alaikum. Hapa Hail sote wazima. Babu yako kakatazwa halua, naye anaificha kabatini mwangu.

Umeniuliza kwa nini watunzi wote wa michezo ya video wanamfuata yule Mjapani unayemsoma huko chuoni. Jina lake sikulijua mpaka uliponiandikia, lakini kazi yake niliwahi kuikagua.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami karani mpya katika ofisi ya kukagua bidhaa, mjini Matrah. Mudiri, mkuu wetu, alinipa kaseti ya mchezo wa Mjapani huyo, niandike kabla ya adhuhuri kama unafaa kuuzwa. Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio ya kazi, na niliogopa kosa moja litanitoa kazini. Nikatafuta karatasi ya maelezo, haikuwamo. Nikauwasha, nikakaa bila kugusa kitu. Kijitu kikatokea kwenye televisheni, kikasimama mpaka muda wake ukaisha, kikafa.

"We Zuwena, kimekufa kwa kukungoja!" akacheka Bi Moza, karani mwenzangu. "Kiendeshe!"

Nikakiendesha, kikatumbukia shimoni. Shimo lile lilikuwa na sakafu, nikakipandisha tena. La pili halikuwa na sakafu, ila nilikwishajua kuruka. Yule Mjapani alinifundisha bila kunambia neno.

Nikaandika kuwa unafaa.

"Umeumaliza?" akauliza Mudiri.

"La, bwana. Nimeanguka sana, sikufika mbali."

Akapiga muhuri. "Aliyekutangulia aliniandikia kurasa tatu bila hata kuuwasha, ndiyo maana hayupo tena hapa."

Nilibaki ofisini mule mpaka nikastaafu.

Bibi yako,
Zuwena