Wimbo Uliokatika Katikati ya Mto

Jumanne, usiku

Bon, nimedanganya tena. Tukivuka mto kwenda Lubunga ni mimi niliyeanzisha wimbo wa kupiga kafi, kama kawaida, maana sauti hii iliwahi kumfukuza kiboko mpaka Isangi. Katikati ya maji pumzi ikaniisha. Wimbo ukakatika, kafi zikagongana, mtumbwi ukakaa ubavu.

"Tonton, iko nini?" mpwa wangu akapiga kelele.

"Mamba ameshika kafi yangu!"

Wakacheka wote. Mama Béa, mke wangu, hakucheka.

Docteur wa Kampala alinionya siku aliponitundikia dawa ya kansa. Dawa hii, akasema, inaamsha askari wa mwili waende kupiga kansa, lakini mara nyingine askari wanageukia mapafu. Ukikohoa, ukikosa pumzi, usingoje, piga simu. Nikamjibu mapafu yangu ni ya mupiga kafi, askari gani atayaweza?

Kikohozi kikavu kimeanza tangu Jumapili. Nimesema ni moshi wa samaki.

Lakini uvimbe wa kansa unapungua, picha ya hospitali imeonyesha. Nikipiga simu watanikatia dawa, na kansa itarudi. Nisipopiga...

Mama Béa ameweka simu hapa mezani. "Papa Béa, mueleze docteur habari ya mamba wako."

Nikataka kumwonyesha mimi ni mzima. Nimekaa kwenye kiti, nikauanza ule wimbo polepole. Sikumaliza hata mstari wa kwanza.

Mama Béa akachukua simu. Sasa namba ya docteur anaibonyeza yeye.