Udongo kwenye Sufuria za Mama

Kasulu, Jumamosi, Desemba 1997

Mvua tangu asubuhi. Tangi limejaa mpaka linamwaga, na mikono yangu ina harufu ya maji machafu ambayo sabuni haijaiondoa.

Nimetengeneza mashine ya kuosha vyombo. Naandika hivyo kwanza kwa sababu nyumbani hakuna aliyesema.

Mashine yenyewe si yetu. Nesi wa Kizungu aliyekuwa akiishi hapa aliporudi kwao, baba, aliyekuwa dereva wake, aliachiwa nyumba aitunze, pamoja na jenereta na hilo sanduku jeupe la jikoni. Mwanzoni liliosha vizuri. Halafu likaanza kubaki na maji tumboni, mwisho likagoma. Fundi redio wa sokoni aliitwa, akalizunguka, akamshauri baba aligeuze kasha la kuwekea unga. Alicheka peke yake.

Shida ni mkono wa mama. Aliteleza akitoka shamba, mfupa ukaunga vibaya, na sasa vidole vya kulia havishiki kitu. Vyombo naosha mimi. Na mimi nimechaguliwa kidato cha kwanza, Kibondo, bweni. Wadogo zangu bado wanaogeshwa. Baba alisema tukiwa tunakula, bila kuniangalia: "Mashine ikipona, utakwenda. Isipopona, mama yako utamwachia nani?"

Tuliendelea kumega.

Kitabu cha mashine ni cha Kifaransa na Kijerumani. Kabla ya vita niliishi kwa bibi, Burundi, nikasoma kwa masista mpaka darasa la tano. Kiswahili cha shule nilikipatia hapa, nikichekwa. Kifaransa nimekificha tangu hapo, maana ukikisema tu wanakuita mkimbizi wa kambini. Leo nimekisoma nimepiga magoti, kwa sauti ndogo, mama akiwa nyuma yangu anasikiliza.

Nilichomoa waya wa umeme kwanza. Nikachota maji kwa kikombe mpaka nikafika chini, kwenye chujio. Unalizungusha, linatoka. Lilipotoka nilielewa. Lilikuwa limejaa ugali wa muhogo, maji ya moto yameugeuza gundi, na ndani ya gundi kuna udongo mwekundu.

Udongo niliujua mara moja. Mama hupaka sufuria udongo kwa nje kabla ya kuiteleka, kama wanawake wengi wa huku, ili masizi yang'oke nao na sufuria ibaki inang'aa. Mkono ulipoharibika hakuweza tena kuuparura wote. Nikiwa shuleni, akawa anaitia sufuria kwenye mashine, akiona itamalizia.

Sasa niseme ukweli. Nilikaa na lile chujio mkononi muda mrefu. Naogopa Kibondo. Naogopa kulala chumba kimoja na wasichana nisiowajua, naogopa kuitwa jina nisimame mbele. Ningeweza kulirudisha lilivyo na kusema mashine imekufa. Ningebaki kwa ajili ya mama, na watu wangenisifu.

Hizo sifa ndizo zilizonitisha zaidi.

Nikalisugua kwa mswaki wa zamani. Ile mikono inayorusha maji nikaizibua tundu kwa tundu kwa sindano. Baba akawasha jenereta. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, sote tukaangalia pengine. Kisha ikaanza kutapika maji yake nje, kwenye mtaro.

Nilimwambia mama, nikiangalia sakafu, kwamba ugali ukwanguliwe kwanza, chujio lioshwe kila jioni, na sufuria ya udongo isiingie humo tena. Nilijua nilichokuwa namwomba. Mama anajulikana kwa sufuria zake. Zikianikwa kwenye kichanja, jirani yetu mama Neema husema anaweza kujitazama akachana nywele. Mwanamke mwenye sufuria nyeusi huitwa mvivu hapa, hata kama hajaketi tangu alfajiri.

Mama alikisogeza kitabu kwangu, akaniita mwanangu kwa Kiha chetu:

"Soma tena pale pa kusafisha, mwana wanje. Nipashike kabla hujaondoka."

Nikamsomea, safari hii nikigeuza kwa Kiha. Akawa anarudia nyuma yangu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jioni ameteleka ugali kwenye jiko la nje. Sufuria hakuipaka kitu. Moto umeilamba mpaka kwenye ukingo, nyeusi tii, naye ameiepua, ameibana kwa miguu na matambara akisonga kwa mkono wa kushoto. Mama Neema akapita kuomba kaa la moto, akaiona, akasimama.

"Ehe, jirani. Leo sufuria imefiwa?"

Mama hakuinua kichwa. "Binti yangu anakwenda shule," akasema.

Nilikuwa mlangoni na chujio mkononi, naliosha kwa maji ya mvua. Bado naogopa. Kesho tukitoka kanisani nitalishusha sanduku langu kutoka juu ya kabati, nione kama kufuli yake bado inafunga.