Mahali Alipotaka Bibi Ismay

Chapeltown, Leeds
9 Mei 1994

Mpendwa Babu Alford,

Pokea heshima zangu na salamu za nyumba nzima. Natumaini goti limepunguza maumivu na mvua zimeanza huko kijijini Gingerland. Sisi hatujambo, na safari hii ni kweli. Wiki mbili zilizopita nilikudanganya kwenye simu niliposema mambo yanakwenda vizuri. Hayakwenda vizuri hata kidogo.

Babu, tulimzika dada yako, Bibi Ismay, Ijumaa, hapa hapa Leeds. Najua ulikuwa unamsubiri huko kisiwani Nevis, na ulishasafisha ile nafasi kando ya kaburi la mama yenu. Nakuomba usikasirike kabla hujasoma mpaka mwisho.

Unajua Mjomba Carlton alimwahidi. Mwaka ule Bibi alipolazwa kwa mapafu, alimshika mkono akamwambia, "Usiniache kwenye baridi hii, mwanangu. Nirudishe kwetu." Mjomba akaapa. Kwa hiyo Bibi alipofariki, Mjomba alitaka asafirishwe mara moja. Mama yangu akakataa. Wajukuu kumi na saba wako huku, nani atampelekea maua? Wakazozana jikoni kwa Bibi mpaka Mama akapiga kelele, "Unataka kumtuma mama yetu kama kifurushi!" Mjomba akachukua kofia yake, akaondoka. Siku nne hakupokea simu. Bibi yuko chumba cha maiti, na watoto wake wawili hawasemezani. Niliona aibu hata kusali.

Wageni nao walimiminika, kila mmoja na lake. Mama mmoja wa Saint Kitts alisema alifika hapa msimu wa theluji na viatu vya kitambaa. Bibi alimkuta kituo cha basi, akavua buti zake, akampa, akarudi nyumbani na soksi. "Hata jina hakuniuliza," alisema. Sisi Bibi hakutuambia kamwe.

Mchungaji mstaafu naye alitukumbusha Jumapili ya kwanza ya Bibi Uingereza, alipoambiwa mlangoni pa kanisa kwamba pengine angejisikia vizuri zaidi kwingine. Jumapili iliyofuata alirudi na keki ya nazi, akakaa benchi la mbele. Alipoulizwa, alijibu, "Sikuja kwao, nimekuja kwa Bwana. Ya kwao ni hiyo keki."

Siku ya tano ndipo alipokuja Bi Eulalie, mwenzake Bibi wa maombi, pamoja na Mchungaji Hobson wa kanisa letu. Mmoja alikuwa kitandani kwa homa, mwingine safarini, wala hawakujua kama tunagombana. Bi Eulalie hata kikombe cha chai hakugusa.

"Mpigieni Carlton. Mwambieni asipokuja, nitamfuata na fimbo yangu."

Nusu saa haikuisha, Mjomba akawa mlangoni.

"Mama yako alikufungua kwenye ile ahadi zamani," Bi Eulalie akamwambia. "Alitaka akwambie mwenyewe. Kila akianza, wewe unasema, 'Mama, tusiongee mambo ya kufa,' unakimbilia kuosha gari. Gari gani hilo linaoshwa kila Jumapili?"

Mchungaji akatoa karatasi. Mwezi wa Februari Bibi alichagua kaburi lake mwenyewe, hapa Leeds, juu mlimani, akaweka sahihi kwa zile herufi zake zinazolala ubavu. Aliuliza jambo moja tu: kama basi linasimama langoni, watoto wasitembee mbali. Mchungaji alidhani Bibi ametuambia.

Mjomba alisoma mara mbili, akakaa kwenye ngazi, akalia. "Kwa hiyo sijamkosea?"

"Hujamkosea," Mama akamjibu. "Hebu sogea, nami nikae."

Walikaa pale wamebanana, wakilia na kucheka, nami nikahisi mzigo umenishuka mabegani.

Na kuna lako, Babu. Bibi alimwachia Bi Eulalie maneno haya, nami siongezi hata moja: "Nafasi ya kando ya Mama ni ya Alford. Mimi niliondoka. Yeye alibaki, akamwogesha na kumlisha mpaka mwisho. Siwezi kurudi nikamchukulia mahali pake."

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Kaburini wanaume wetu walilifukia wenyewe, na Mjomba alikataa kabisa kumwachia mtu koleo lake. Kina mama waliimba mpaka udongo ukasawazishwa. Mchuzi wa mbuzi uliisha kabla wachelewaji hawajafika, jambo ambalo Bibi asingelisamehe.

Tangu siku ile Mjomba analala usingizi. Juzi alikiri kwangu kwamba kwa miaka mingi hakuthubutu kuja kuwaona, maana kila alipoifikiria Nevis aliona jeneza tu. Sasa amekata tiketi. Atakuja Agosti, akae kwako mwezi mzima.

Nisalimie Shangazi Verlyn na mapacha wake, na majirani wote waliomjua Bibi tangu akiwa msichana. Mama anakusalimu sana, anaomba usamehe kelele zetu.

Bwana akulinde, akupe nguvu ya kupanda ngazi za kanisa, na akuweke mpaka Agosti umfungulie Carlton mlango.

Ni mimi mjukuu wako akupendaye,

Rosalind