Kabla ya Glasi ya Mfalme

Port Dickson

Shemeji Khairul,

Hatujambo. Matunda ya duriani yameiva, na mama ameanza kula tena.

Unauliza ilikuwaje. Kaka yako alifia kitini, kwenye karamu ya kikosi. Kwao jeshini haruhusiwi mtu kuinuka mezani kabla glasi hazijanyanyuliwa kwa heshima ya mfalme. Hisham alijikunja, jasho likamtoka. Wenzake wakadhani amebanwa na mkojo, kumbe ni moyo.

"Jikaze, Kapteni, zimebaki hotuba mbili tu," wakamcheka.

Akajikaza. Waliposimama wote kwa ajili ya mfalme, yeye akabaki ameketi.

Kanali alikuja kunipa pole, akaisifu sana nidhamu yake. Nikamuuliza, angeinuka mapema angepewa adhabu gani.

"Angewanunulia wenzake soda," akasema.

Shemeji yako,
Rohana