Hadithi ya Beringi Uliyoniachia

Mpendwa Baba Themba,

Leo asubuhi dada zako wamenivua nguo nyeusi. Wamezichoma uani, wakaniogesha, wakanivika gauni la rangi ya chungwa ambalo mimi nisingelichagua hata kwa kulazimishwa, kisha tukala. Walipoanza kuosha vyombo nilichukua mkoba wangu nikashuka hadi kwenye duka letu la vipuri, Jules Street. Tangu tukuzike sikuwa nimekanyaga pale, maana mjane wa kwenu haonekani kaunta. Mwanetu Themba ndiye aliyekuwa akifungua siku za Jumamosi, na leo nilimkuta. Alinipisha kiti chako. Sasa ni jioni, nimerudi nyumbani, na ninataka kukueleza kilichotokea, kwa sababu hakuna mwingine humu ndani wa kumweleza kwa Kiswahili.

Unaikumbuka stoo ya karakana ya reli kule Mbeya? Wewe ulikuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini, chama chenu kilikuleta kujifunza ufundi. Mimi nilikuwa binti wa Kinyakyusa ninayegawa vipuri dirishani. Ulikuja kuomba beringi ya gurudumu la behewa kwa Kiswahili kibovu kuliko cha Mchina aliyekuwa akikufundisha. Nilikurudisha mara mbili ukaseme vizuri. Mwalimu Zhao alisimama nyuma yako akicheka mpaka miwani ikamshuka. Yeye hakujua Kizulu, wewe hukujua Kichina. Mlikutana kwenye lugha moja tu, na ilikuwa yangu.

Wenzako waliwanunulia wasichana wao khanga na kuwapa maneno matamu. Wewe, Jumapili ya kwanza tuliyotoka pamoja, ulinisimulia habari za beringi kama ulivyozisikia kwa Zhao. Wachina wa kale, ukasema, walipaka mafuta ya mnyama kwenye ekseli za magari yao ya farasi ili yasilie njiani. Kisha zama za wafalme wa Kimongolia, mnajimu mmoja alikuwa na chombo kikubwa cha shaba cha kupimia nyota, naye akachoka kukiona kikikwama. Akapanga rola ndogo chini ya duara lake, chombo kikaacha kusuguana, kikawa kinabiringika. Hapo mwalimu Zhao alikuwa akitia chumvi yake: eti watumishi wa mfalme walikuja wakakisukuma kwa nguvu zao za siku zote, kikazunguka ghafla, wakaanguka kifudifudi mbele ya bwana wao. Ulikuwa ukianza kucheka kabla hujafika mwisho, na mimi nikikucheka wewe.

Kisha sauti yako ilikuwa inashuka. Karne zikapita, ujuzi ule ukalala, na beringi za chuma cha pua zikawa zinaletwa China kwa meli kutoka kwa watu wengine. Mpaka nchi ikajijengea viwanda vyake, na Zhao, kijana mbichi, akaajiriwa katika kimojawapo huko Luoyang, akisimama kutwa nzima kuchambua gololi za ndani ya beringi, ambazo kwa macho zilifanana zote. "Watu husema tumeiga," alikwambia. "Tulisahau tu, kisha tukakumbuka." Siku alipoagwa kurudi kwao alikupa beringi moja aliyokuja nayo kutoka kiwandani kwake, nawe ukaiweka kwenye kopo la grisi. Ilihama nasi nyumba zote. Hata tulipohamia huku kwenu tukapanga chumba kile cha Joubert Park, ambamo kitanda na jiko vilisukumana, kopo lilikuwa na rafu yake.

Hapa mjini mambo yalikuwa magumu kwa beringi za Mchina. Wateja walitaka boksi la Ulaya. "Eish, mdala, hii ni fongkong," walikuwa wakikwambia, yaani mzee, hii ni feki, na wewe ukijibu "sharp", haya sawa, ukainama kutafuta nyingine. Papa Dieudonné, fundi wa Kikongo wa gereji ya jirani, yeye alikuwa akiuliza kwa heshima: "Papa Themba, iko ya Chine? Itanifia mu njia." Huyo ndiye uliyempa kiti. Ulikuwa ukiizungusha beringi kwa kidole karibu na sikio lake, asikie kama inakwaruza, huku mnajimu na rola zake wakiingia taratibu. Mimi nilikutania: kama kizuri chajiuza, mbona kutwa nzima unahubiri? Nilikuuliza pia kwa nini huwasimulii ndugu zako. Ulisema umejaribu, lakini kwa Kizulu inakwama. Uliipokea kwa Kiswahili na ndani ya Kiswahili ndimo inamozunguka.

Mume wangu, kuna jambo ulilofanyiwa ukiwa umelala, na nimelibeba tangu siku ile. Nilikuwa nimekalishwa kwenye godoro, nimefunikwa blanketi, wanawake wa kwenu wamenizunguka. Kaka yako aliuliza ni kitu gani ulichokipenda, kiingie nawe kwenye jeneza pamoja na blanketi lako na fimbo. Themba akaleta kopo. Sikukataa, ilikuwa haki yako. Lakini mtoto alitaka baba yake aende na kitu kisafi. Aliiosha ile beringi kwa mafuta ya taa ndani ya beseni, akaisugua kwa mswaki mpaka ikang'aa, akaikausha kwa taulo jipya. Nikaisikia alipoizungusha. Ilikuwa inalia, kavu kabisa.

Mjane hapandishi sauti. Nilimwita polepole, nikamwambia kwa lugha yetu, "Ipake grisi, mwanangu, itashika kutu." Maneno ya nyumbani anayaelewa, unajua, ila hujibu kwa Kiingereza. Akaniambia haitazunguka tena, Mama. Alisema kwa upole, akiwa na machozi. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeambiwa na watu wengi kwamba umekufa, lakini sikuwa nimesadiki.

Sasa nije kwa leo. Nilikuwa sijakaa hata nusu saa, Papa Dieudonné akaingia kutafuta beringi ya gurudumu la mbele. Aliponiona akavua kofia. Kisha akasema, "Mama, na ile histoire ya nyota, sasa ni nani atatuelezeaka?" Nikamsimulia hadithi yako. Nilimfikisha hadi Luoyang bila kukosea, akafuta macho, akaenda zake.

Themba alikuwa amesimama kati ya rafu. Aliniuliza ni nyota gani hizo. Amekulia chini ya kaunta ile, Baba Themba, na maneno yote yale yalimpita juu ya kichwa kama mlio wa magari. Ningeweza kumwambia siku nyingine. Nilitaka sana kumwambia siku nyingine. Hadithi ile ilikuwa kitu cha mwisho ambacho humu nyumbani tulikuwa nacho wawili peke yetu, na nilikuwa nimezoea kulala nayo kifuani.

Nikamsimulia kwa Kizulu. Kizulu changu cha sokoni, unakijua, cha kununulia nyanya. Ekseli niliionyesha kwa mkono, mnajimu nikamwita mtu anayehesabu nyota, na Wamongolia nikawaruka kabisa. Ilikwama kweli, kila hatua. Lakini watumishi wa mfalme walipoanguka kifudifudi, mwanao alicheka, kwa sauti kubwa, kichwa nyuma. Akasema nirudie.

Nikarudia. Mara ya pili alikuwa ananisahihisha maneno, na kufikia mara ya tatu alikuwa anasimulia yeye, vizuri kuliko mimi, kwa lugha ya mama yako, na mimi nikawa msikilizaji. Nilimwangalia nikashukuru Mungu. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia, kwa sababu sasa sina tena kitu chochote ambacho ukirudi nyumbani tutakuwa tunakijua mimi na wewe tu.

Pumzika, baba. Funguo za duka nimemwachia yeye.

Mkeo,
Mama Themba