Nilisimama Langoni mwa Zizi, na Kadi Ninayo

Mama Simelane mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu na limenikaa kooni tangu mwezi wa tano. Mimi ni makoti, mke wa mwana, nimeolewa kwa akina Maziya huku nyuma ya mji wa Siteki, mwaka wa sita sasa, mume wangu yuko machimboni Afrika Kusini na mimi nashona sare kwenye kiwanda kimoja mjini, na hapo kiwandani ndipo mwaka jana waliponichagua kati ya wanawake arobaini nikafundishwe huduma ya kwanza, siku tatu tunapiga magoti kumbonyeza kifua mwanasesere wa mpira asiye na mikono mpaka mabega yanawaka moto, na mwalimu anatupigia kelele, "Bonyeza, dada, unamkanda au unamwokoa? Mbavu zitapona!" nikafaulu, nikapewa kadi, nikaificha kwenye begi la nguo, na nyumbani sikusema neno, kwa sababu makoti akianza kujionyesha na mambo ya mjini unajua mwenyewe atakavyoitwa.

Basi Jumapili moja asubuhi baba mkwe aliingia zizini kutenga ng'ombe wa kupelekwa joshoni, mimi nafua karibu na tangi la maji, nikamwona ameshika nguzo, anateleza, yuko chini. Shemeji yangu Mfanukhona akaruka ndani, akamtikisa, "Baba! Baba, amka!" na mzee kimya, macho wazi, ila kila baada ya muda anatoa mkoromo mmoja mzito, na shemeji akapiga kelele, "Yu hai, si mnamsikia anakoroma? Leteni maji!" na hapo ndipo nilipotupa nguo chini, Mama, kwa sababu tulifundishwa kwamba mkoromo wa namna ile si kupumua, moyo umesimama, mtu abonyezwe kifua palepale asingojewe. Nilijua. Nilikimbia mpaka langoni na mguu ukakataa, kwa sababu mke wa mwana hakanyagi zizi la ukweni, na hata angeanguka mlangoni kwangu ningemshika vipi kifua baba mkwe ambaye hata jina lake silitamki, nikavuta shali mabegani, nikainamisha kichwa kama nilivyofunzwa, nikasimama pale nahesabu kimoyomoyo kama tulivyohesabu tukibonyeza, moja mpaka thelathini, halafu upya, halafu upya, huku wao wanammwagia maji, mpaka pikapu ya jirani ikaja baada ya kama dakika ishirini, na hospitali wakatuambia mzee ameshafariki.

Kinachonimaliza si hicho peke yake. Msibani mama mkwe, na nguo zake nyeusi, aliwaambia wanawake wote mkekani, "Mmemwona makoti wangu? Vurugu lote lile, mguu wake haukugusa zizi. Wa kwenu wangeingia na viatu!" na mpaka leo nasifiwa, wasichana wa nyumba hii wanaambiwa wajifunze adabu kwangu, na mimi nikisikia natamani ardhi inimeze. Sasa kiwandani wanataka jibu Ijumaa, nirudi mafunzoni ili niwafundishe wenzangu, au nirudishe kadi. Mimi nataka kuirudisha. Na mama mkwe nimwambie kwamba nilijua, au nife nalo?

Makoti anayesifiwa, Siteki

Makoti, pole sana. Ipokee vizuri hiyo pole, kwa sababu yanayofuata si matamu.

Hukumuua baba mkwe wako. Moyo wake ulisimama wenyewe, na hata ungebonyezwa vizuri, kwa umbali ule wa hospitali, huenda bado mngemzika. Huenda. Sitakwambia kwamba ni hakika, maana nimekuwa nesi miaka thelathini na moja na nimewaona waliorudi na wasiorudi. Alikuwa na nafasi ndogo na hakupewa. Hilo lilie, una haki.

Lakini kuna mahali hujapaona. Unanieleza mguu, unanieleza mikono. Mdomo ulikuwa wapi? Mfanukhona alikuwa tayari zizini, mwana wa mzee, mwanaume mzima, hakuna mwiko wa kumzuia kumgusa baba yake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, "Shemeji, acha maji! Mlaze chali, mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu!" Mtu huyo alikuwa hatua kumi kutoka kwake, ameinamisha kichwa. Najua, makoti hapazi sauti ukweni. Mimi nimekuwa makoti kabla wewe hujazaliwa, usinifundishe. Adabu hiyo naipenda na nimeishi nayo, ila siku ile ungeweza kuvunja robo yake tu, ukapaza sauti, zizi ukaliachia heshima yake.

Na kosa lilianza kabla ya Jumapili. Unaishi kwenye boma ambalo nusu yake huruhusiwi kuingia, halafu unajifunza kuokoa watu na kuficha elimu hiyo begini! Ulitaka wafie upande wako tu?

Haya, futa machozi. Kadi hurudishi. Unadhani ukiirudisha utakuwa mtu asiyejua. Umechelewa, unajua tayari. Ijumaa sema ndiyo.

Mama mkwe mwambie, na si kwa kuropoka jikoni. Mwombe shangazi wa mumeo akae nanyi, kama desturi inavyotaka, useme yote bila kujipaka mafuta. Atakasirika. Anaweza kukununia miezi. Vumilia, na msamaha usiudai siku hiyo. Omba kitu kimoja: wakubwa wa boma waketi na watamke kwamba mtu akianguka, zizi na kifua cha mkwe viko wazi kwa yeyote anayejua la kufanya. Waombe sasa, wakati nyote mko wima.

Kisha wafundishe. Shona gunia, lijaze mahindi, liweke uani. Mmoja apige simu, mwingine apige magoti, mkono juu ya mkono, viwiko vimenyooka, kina cha vidole vitatu, karibu mara mbili kila sekunde, akichoka apokewe, wasiache mpaka mgonjwa azinduke au wauguzi wafike.

Na mtazame Mfanukhona. Siku utakayosema ukweli, yeye ataumia kuliko mama yake, kwa sababu atajua kwamba mikono iliyoruhusiwa ilikuwa yake, na ilishika ndoo. Usimwache peke yake siku hiyo. Mwambie mbele ya wote kwamba hakufundishwa, na wa kumfundisha ulikuwa wewe. Halafu kabla ya mwanamke yeyote wa kiwandani, mwanafunzi wako wa kwanza awe yeye.